Uliza Fundi: sabufa inatikisa dirisha, lakini maneno ya wimbo siyasikii

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi ni mwalimu huku Mbale, napanga, sebule yangu ni futi 10 kwa 12, sakafu ya simenti, juu mabati. Nina sabufa, ile yenye lisanduku moja la chini na vispika viwili vidogo. Kelele inayo, dirisha linatikisika mpaka jirani anagonga ukuta, ila nikiweka kadongo kamu, zile nyimbo za Kiganda za gitaa moja, ambayo utamu wake wote ni maneno, nasikia bum bum bum afu mtu anaimba kama yuko ndani ya mtungi. Nimeweka pembeni laki saba. Mwenzangu wa stafurumu anasema ninunue spika za rafu, shemeji yangu anasema nichukue sabufa kubwa zaidi, kaona moja ya wati 8,000. Nimsikilize nani?
Mwalimu, Mbale

JIBU: Mwalimu, huyo mwenzako wa stafurumu mnunulie soda. Shemeji mheshimu kama shemeji lakini kwenye sauti usimfuate.

Tuanze na hizo wati 8,000 maana zinanikera miaka yote. Soketi ya ukutani kwako plagi yake ina fyuzi ya ampea 13, umeme wetu ni volti 240, we ni mwalimu zidisha mwenyewe, ni 3,120. Soketi nzima ikikamuliwa mpaka mwisho inatoa wati 3,120, sasa hizo 8,000 zinatoka wapi, kwa mizimu? Na zingekuwa za kweli zingekula yuniti 8 za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, kwa saa moja, ungekaa giza kabla taarifa ya habari haijaisha. Geuza hiyo sabufa uliyonayo usome kikaratasi cha nyuma kinasema inakula wati ngapi, mara nyingi ni 40 au 60, hiyo ndo kweli yake. Ile namba kubwa ya kwenye boksi pembeni yake utakuta PMPO kwa herufi za sisimizi, yani nguvu ya kufumba na kufumbua tu, we namba ya kuangalia ni ile iliyoandikwa RMS, nguvu inayodumu wimbo mzima, na ikiwa RMS haipo kabisa basi umeshajibiwa.

Sasa kwa nini bum bum. Futi 12 ni kama mita 3.65, na sauti inasafiri mita 340 na kitu kwa sekunde, kwa hiyo kuna noti moja ya chini, kwako inaangukia kama hezi 47, yani mitetemo 47 kwa sekunde, ambayo inatosha kabisa kati ya kuta zako mbili za mwisho, ikiingia hapo haitoki haraka, inarudishwa rudishwa inajijaza. Gitaa la besi kamba yake nene kabisa ni hezi 41, yani wimbo wowote wenye besi unapita mle mle. Na nina uhakika hata bila kuja Mbale kwamba hilo lisanduku umeliweka kwenye kona, wote tunaweka kona, na kona inaongeza besi tena juu ya ile iliyokuwepo. Shemeji akikuletea kubwa zaidi anakuongezea kile kile kinachokuudhi.

Na mtungi nao una sababu yake. Vile vispika viwili mara nyingi ndani vina koni moja ya inchi 3 tu, hakuna twita (sio ile ya simu, ni kale kaspika kadogo ka sauti za juu), na kwa kuwa ka inchi 3 hakawezi kushuka chini, lisanduku linalazimika kupanda kumfuata, linapanda mpaka linaingia kwenye sauti ya mwanaume, maana sauti ya mwanaume akiongea inaanzia hezi 85 hivi. Kwa hiyo kifua cha mwimbaji kinatokea kwenye kona chini sakafuni, mdomo wake uko juu kwenye meza, na zile s na t na k zinazofanya neno lisikike kuwa neno hazina wa kuzitoa. Mtu amekatwa vipande vitatu we unataka umuelewe!

Spika ya rafu inamrudisha mtu kuwa mzima. Ni boksi la mbao, au tuseme MDF, ile ya unga wa mbao uliogandishwa, urefu kama chupa ya maji ya lita moja na nusu, ndani kuna wufa, spika ya sauti za chini, ya inchi 4 mpaka 6 na nusu, juu yake twita, na katikati yao krosova inayogawa kazi, za chini nenda huku za juu nenda kule. Mbili tu, kushoto na kulia. Besi ya kutikisa dirisha hautaipata, nakwambia mapema usije ukanilaumu, ya inchi 4 ikifika hezi 60 huko inaanza kuchoka. Ila wimbo wa kadongo kamu hauhitaji zaidi ya hapo, na jirani atalala.

Kwa laki saba una njia mbili. Ya kwanza ni spika zenye amplifaya humo humo ndani, unachomeka ukutani, unaweka waya wa simu au wa tivii, basi. Mfano Edifier R1280T, wufa inchi 4, wati 42 za RMS zote mbili kwa pamoja, ina vinobu vya besi na trebo (sauti za juu) ubavuni. Haina blututhi, ukitaka blututhi kuna nduguye R1280DB. Usicheke hizo 42, kwa futi 10 kwa 12 utafika katikati ya kinobu watoto waanze kuziba masikio. Njia ya pili ni spika kavu, hazina umeme wowote ndani, kama Sony SS-CS5, afu unanunua amplifaya ndogo pembeni. Bei sikuandikii maana ya Kampala inafuata dola na ya Mbale inafuata mwenye duka kaamkaje.

Hapa nagombana na nafsi yangu kidogo. Moyo wangu uko kwenye spika kavu kwa sababu amplifaya ikifa unabadilisha amplifaya, spika zinabaki, mi ninazo pea zimeshazika amplifaya tatu, wakati zile za kila kitu ndani bodi ikiungua kwa umeme kurudi kwa nguvu unabaki na maboksi mawili ya kuwekea maua. Lakini wewe unapanga, unahama, hela ni moja, chukua zenye amplifaya ndani, afu katika hiyo laki saba toa kiasi ununue frijigadi, ile ile ya friji, inakata umeme ukipanda na ukirudi inasubiri kidogo kabla ya kuachia. Usiiruke hiyo. Nimeona bodi nyingi zimekufa siku ya mvua.

Dukani nenda na simu yako na nyimbo zako tatu unazozijua mpaka pumzi ya mwimbaji. Muuzaji ataweka wimbo wake wa kazi, wote wanao, una besi za kukupasua kifua na hauna mtu anayeimba. Mwambie ssebo asante, sasa tuweke wangu, na vinobu vya besi na trebo virudi katikati. Weka mmoja wa mwanaume anayeongea sana, mmoja wa kwaya, na kama unao weka wa adungu, kile kinubi chetu, maana kamba ya adungu ikipigwa ina kale kamlio ka mwanzo ka kucha halafu ndo mti unaitikia, spika mbaya inakupa mti tu bila kucha au kucha tu bila mti. Weka sauti ndogo, ya kuongea. Fumba macho. Mwimbaji anatakiwa asimame katikati ya boksi mbili pale ambapo hakuna kitu, ukimsikia yuko ndani ya boksi la kulia basi uliza kwanza zimepangwaje kabla ya kulaumu. Gonga boksi ubavuni na kifundo cha kidole, likisema ko! sawa, likisema pwaaa kama kopo la rangi achana nalo. Na linyanyue, jepesi kama boksi la viatu usilinunue hata liwe na taa za rangi saba.

Ukifika nyumbani ndo kazi yenyewe, na hii sehemu ni ya bure lakini ndo watu wanaidharau. Zitenganishe mita moja na nusu mpaka mbili, na wewe ukae mbali nazo umbali kama huo huo, pembetatu iliyolingana pande zote, darasa la sita unafundisha hiyo. Twita iwe usawa wa sikio lako ukiwa umekaa, sentimita 90 hivi kutoka chini. Fundi wa kuchomelea hapo Mbale atakutengenezea stendi mbili za chuma, mi zangu nilitengeneza Katwe ya Kampala, mwambie juu abandike kipande cha mpira wa tairi la baiskeli boksi lisitembee. Toa spika kwenye kona, na kama tundu la hewa liko nyuma iache nafasi na ukuta, anza na shibiri moja na nusu, sikiliza, sogeza, sikiliza, utaona besi inabadilika kama umenunua kitu kingine. Sofa nalo lisibanwe ukuta wa nyuma kama unaweza, maana ukutani ndo ile hezi 47 inakaa imejaa.

Afu hiyo simenti tupu. Piga kofi moja katikati ya sebule, ukisikia mlio unarudi kama kengele, hiyo ndo inakula zile s na t zako. Mkeka au kapeti mbele ya spika, pazia zito, na rafu ya vitabu nyuma yako, wewe ni mwalimu vitabu hukosi, hata mafungu ya mitihani yanasaidia. Mvua ikishuka kutoka mlima Elgon na kuanza kupiga mabati hakuna spika duniani itakusaidia, zima unywe chai.

SWALI: Fundi, niko Kireka. Nimeona mjini pea ya spika za mtumba, za zamani, za mbao kabisa, pamoja na amplifaya yake, muuzaji anasema zimetoka Japani ni orijino hazijafunguliwa. Bei yake yote ni nusu ya spika mpya za plastiki. Nichukue au ni mtego?
Kijana wa Kireka

JIBU: Spika chukua ukizipima, amplifaya igeuze kwanza.

Japani umeme wao ni volti 100. Spika zenyewe hazijali nchi, zinakula zile zinazotoka kwenye amplifaya tu, lakini amplifaya ya volti 100 ukiichomeka kwenye 240 yetu unasikia pu! mara moja, afu harufu. Najua hiyo harufu, mi mwenyewe nilichomeka moja nikiwa kijana kama wewe, muuzaji alisema ndugu hii ni volti zote, mi nikaamini mdomo badala ya kusoma kibati cha nyuma, nayo ilidumu kama muda wa kusema haya. Kwa hiyo soma kibati. Kikisema 100V peke yake unahitaji transifoma ya kushusha, na inayobeba amplifaya ya nguvu ni nzito na ina bei yake, ijumlishe kabla haujasema ni nusu bei. Kikisema 220 au 240, au kina kiswichi cha kuchagua na muuzaji akaiwasha amplifaya mbele yako kwenye soketi ya ukutani, sawa.

Kwenye spika zenyewe toa kile kitambaa cha mbele. Angalia ule mkunjo unaozunguka koni. Kama ni mpira, bonyeza, ukirudi laini sawa. Kama ni sponji, hiyo ina umri wake, miaka 15 au 20 hivi inaanza kuwa unga, na mwaka ambao haijaliwa na joto la kontena imeliwa na unyevu wa godauni. Ukigusa ikabaki kwenye kidole kama majivu ya sigara, spika haijafa, mkunjo unabadilishwa kama fundi ni mzuri, ila punguza bei pale pale na usikubali kuambiwa ni vumbi. Baadae weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni uisukume ndani polepole, taratibu kama unabonyeza kifua cha kifaranga, isikwaruze. Ikikwaruza koili inagusa sumaku, hapo ondoka. Beba na betri ndogo ya rimoti, volti 1.5, gusisha waya mbili kwenye vichwa vya spika kidogo tu, unatakiwa usikie tak na uone koni inaruka. Hiyo ni kwa wufa, twita usiipime hivyo, isikilize na wimbo. Na kama kadomu ka twita kamebonyea, kuna mtoto aliwahi kuishi nyumba hiyo, mara nyingi bado inaimba lakini unayo sababu ya kuombea punguzo.

Hilo la "haijafunguliwa" angalia vichwa vya skrubu, kama vimekwaruzwa imefunguliwa.

SWALI: Assalaam aleikum Fundi. Tuko pembeni ya Arua, umeme wa waya haujatufikia, nina sola na betri moja ya volti 12. Napenda rumba na qaswida jioni. Invata yangu ndogo inalia ziiii kwenye spika na betri inaisha kabla ya saa tatu. Je mtu wa sola anaweza kuwa na sauti nzuri au tubaki na redio?
Mzee wa familia, Arua

JIBU: Waaleikum salaam mzee wangu. Wewe ndo una nafasi nzuri kuliko sisi wa mjini, umeme wako ni msafi, unachotakiwa ni kuondoa hiyo invata katikati.

Angalia inavyokwenda: betri ni volti 12, invata inazipandisha mpaka 240, ikifanya hivyo inakula kidogo hata kama hakuna kitu kimechomekwa, na ile ya bei rahisi inatoa umeme wenye meno ndo hiyo ziiii, afu amplifaya inazipokea 240 inazishusha tena kurudi karibu zile zile 12 ulizokuwa nazo. Umemlipa boda kukuzungusha kijiji chote akushushe mlangoni kwako.

Nunua amplifaya ndogo ya klasi D, aina isiyopoteza umeme mwingi, zile za ukubwa wa pakiti mbili za sigara, inayokula volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Isome iwe imeandikwa inakubali 12 mpaka 24, maana mchana jua likiwa kali betri inayochajiwa inapanda mpaka 14.4, na kuna tuamplifaya tudogo tunaoogopa hapo. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya karibu na betri, ampea 5 inatosha, na usije ukageuza chanya na hasi, hiyo haina msamaha.

Kwa volti 12 na spika ya omu 8 (omu ni ukinzani wake kwa umeme, imeandikwa nyuma) utapata kama wati 7 au 8 kila upande. Vijana watakucheka. Waache. Hapa namba ya muhimu ni nyingine, inaandikwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati moja kwa mita moja. Spika ya desibeli 84 na ya 90, tofauti 6 tu kwenye karatasi, lakini ya 84 inataka wati mara nne ili ifikie sauti ile ile ya mwenzie. Kwa hiyo mtu wa sola hanunui wati, anatafuta spika yenye 88, 89, 90, za wufa inchi 6 na nusu mara nyingi ndo zinafika huko, na wati 8 juu ya 88 ni desibeli 97 ukiwa mita moja, hiyo ni kelele ya kutosha kuita ukoo. Jioni ya kawaida hautatumia hata wati mbili, na betri itakufikisha mbali sana kupita saa tatu.

SWALI: Naweza kuweka spika moja juu ya friji na nyingine juu ya kabati la vyombo? Nafasi hakuna.
Mama wa Jinja

JIBU: Mama, friji inatetemeka, spika itatetemeka nayo, na siku moja itashuka yenyewe. Kabati la vyombo nalo litaimba, vikombe vyote vitaitikia besi. Zote mbili kwenye rafu moja ukutani, hata zikiwa mita moja tu kati yake, chini yake mikunjo ya kanga kuukuu, na zielekezwe kidogo kwako unapokaa. Kama zina tundu nyuma, soksi moja iliyokunjwa ndani ya tundu inapunguza ule ungurumo wa ukutani. Soksi safi lakini.

SWALI: Nilifuata ushauri wako wa toleo lililopita nikanunua spika kavu na waya wa mita kumi, nimeunganisha mwenyewe. Sauti ipo pande zote mbili ila ni nyembamba, besi imepotea kabisa, na mwimbaji hana mahali, kama yuko nje ya nyumba. Ajabu nikizima spika moja besi inarudi! Nimeuziwa feki?
Msomaji wa Gulu

JIBU: Haujauziwa feki, umegeuza waya kwenye spika moja. Moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi zinakutana katikati ya chumba zinauana, ndo maana ukizima moja iliyobaki inapona. Waya mzuri una alama upande mmoja, mstari au maandishi, chagua kwamba mstari ni nyekundu na ushike hivyo hivyo pande nne zote, amplifaya mbili na spika mbili. Kama waya hauna alama tumia ile betri ya rimoti niliyomwambia kijana wa Kireka, chanya ya betri kwenye nyekundu ya spika, koni inatakiwa itoke nje, ikiingia ndani umeshika waya kinyume. Zima amplifaya kabla ya kugusa chochote.

Na hiyo mita kumi kata, acha zinazofika tu, pande zote mbili urefu sawa. Kwangua ncha na wembe uangalie ndani, ikiwa nyekundu mpaka katikati ni shaba, ikiwa nyeupe chini ya wekundu ni aluminiamu iliyopakwa, itafanya kazi ila inakatika ukiikunja kunja, hapo siku nyingine nenda duka la vifaa vya ujenzi uombe waya wa umeme wa milimita za mraba 1.5, ule wa nyuzi nyingi. Ukishageuza niandikie mwimbaji amerudi ndani au bado.